Kituo Kisichotuliza: Kivuli, Mvua na Haki ya Abiria wa Eastlands

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa aisifuye mvua imemnyea. Abiria wa mitaa ya Eastlands jijini Nairobi ana haki ya kuisifu mvua, na jua vilevile, kwa kuwa vyote viwili humkuta akiwa wima kando ya barabara. Kuanzia Kaloleni, Makongeni na Jericho hadi Buruburu, Umoja, Kayole na Dandora, maelfu ya watu hurauka kila siku kwenda kazini, shuleni na hospitalini, na sehemu isiyo haba ya siku yao huishia katika kungoja gari. Kuhusu magari yenyewe yameandikwa mengi: michoro yake, muziki wake, mwendo wake na lugha ya makanga wake. Kuhusu mahali pa kungojea magari hayo, kimya kimetanda.

Makala haya yanadhamiria kuuvunja ukimya huo. Hoja yetu ni kwamba kibanda cha abiria ni jengo, na kama jengo lolote lile, hakina budi kusanifiwa kwa kuzingatia jua, mvua na upepo wa pale pale kilipo. Tutajaribu kuonyesha kwamba kufanya hivyo hakudai fedha nyingi wala umeme mwingi. Huenda msomaji akauliza suala la ujenzi linamhusu vipi mwanafunzi wa lugha. Swali hilo tutalijibu kabla ya kuhitimisha.

Kituo na maana yake

Neno "kituo" limetokana na kitenzi "tua". Ndege hutua, mchukuzi hutua mzigo, msafiri hutua mwishoni mwa safari. Kwa hivyo, kituo kwa asili yake ni mahali pa kuupumzisha mwili na kuuweka chini mzigo. Katika mitaa ya Eastlands, hata hivyo, watu wengi husema "steji". Wapo wasanifishaji watakaolichukia neno hili la mkopo, lakini mimi naona kuwa wasemaji wametenda haki. Mahali ambapo hapana benchi, hapana paa wala pa kuweka kikapu isipokuwa tope hapastahili kuitwa kituo.

Hali hii ina historia yake. Kampuni ya Kenya Bus Service ilianza kuhudumu Nairobi mwaka 1934, na kwa miongo mingi mabasi yake ndiyo yaliyowabeba wakazi wa Eastlands kwa njia zinazojulikana na mahali pa kusimama palipopangwa. Matatu nazo ziliruhusiwa rasmi kubeba abiria mwaka 1973. Ruhusa hiyo iliwapa wananchi magari mengi zaidi, lakini haikuandamana na mpango wa mahali pa kusimama. Vituo vikajizaa vyenyewe penye mzunguko wa barabara, penye lango la soko au penye duka mashuhuri. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzao wa Marekani walichapisha ramani ya njia za matatu iliyoonyesha njia zaidi ya 130. Kabla ya hapo, mtandao huo mkubwa ulikuwa umehifadhiwa vichwani mwa madereva, makanga na abiria tu. Funzo lililomo ni wazi: vituo vya Nairobi vimeundwa na watu wanaovitumia. Anayetaka kujenga kibanda aanze kwa kwenda pale ambapo watu wamekwisha kusimama, badala ya kuchora mahali papya mezani.

Jua la barabara mbili

Nairobi iko takriban nyuzi 1.3 kusini mwa ikweta, katika mwinuko wa mita zaidi ya 1,600 kutoka usawa wa bahari. Mambo haya mawili yanatosha kutuongoza. Kwa sababu ya kuwa karibu na ikweta, jua la adhuhuri huwa karibu na utosi mwaka mzima. Mwezi Juni huinama kidogo upande wa kaskazini na Desemba upande wa kusini. Jua hilo la adhuhuri huzuiwa na paa lolote, hata dogo. Linalotaabisha ni jua la pembeni, lile la asubuhi na alasiri, na hizo ndizo nyakati ambapo vituo hufurika watu.

Tuchukue mfano. Mwezi wa Machi au Septemba, saa kumi na nusu alasiri, jua la Nairobi huwa limebakisha takriban nyuzi 30 juu ya upeo wa macho. Paa lililoinuliwa mita 2.5 kutoka ardhini hutupa kivuli chake zaidi ya mita 4 upande wa mashariki. Ikiwa upana wa paa hilo ni mita 1.5, kama ulivyo katika vibanda vingi vyembamba, kivuli cha miguuni huangukia mahali pengine kabisa: kwenye nyasi, kwenye mtaro au barabarani kwenyewe. Abiria amejengewa paa, lakini kivuli kinawafaa mbuzi.

Sasa tuzilinganishe barabara mbili ambazo kila mkazi wa Eastlands anazifahamu. Barabara ya Jogoo hutoka mjini na kuelekea mashariki hadi Donholm. Anayengoja hapo akiitazama barabara hupigwa na jua la asubuhi na la jioni ubavuni. Kibanda chake kinahitaji kuta fupi kwenye ncha zake mbili. Barabara ya Outer Ring, ambayo ilipanuliwa kwa urefu wa kilomita 13 hivi kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, hukatiza kutoka kaskazini hadi kusini. Hapo jua la alasiri humpiga mtu mgongoni akiwa upande wa magharibi wa barabara, na usoni akiwa upande wa mashariki. Aliye upande wa magharibi atafaidi ukuta wa nyuma. Aliye upande wa mashariki anahitaji upenu ulioshuka chini mbele yake, au mti. Ukuta wa nyuma hautamsaidia kitu kuhusu jua hilo.

Kwa maneno mengine, kibanda cha muundo mmoja hakiwezi kufaa pande zote mbili za barabara ile ile. Hata hivyo, desturi ni kuchora kibanda kimoja, kukitolea zabuni, na kukipanda kila mahali kama nguzo za simu.

Mwinuko nao una neno lake. Nairobi si Mombasa wala Dar es Salaam. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hutanda, rasharasha hunyesha, na alfajiri hupiga baridi ya kumfanya mama amfunike mtoto mablanketi mawili. Katika miezi hiyo jua la saa mbili asubuhi ni neema. Kwa hivyo kibanda kizuri cha Nairobi hakilifukuzi jua lote. Hulipokea la asubuhi kutoka mashariki na kulikinga la alasiri kutoka magharibi. Vilevile huzuia upepo wa kiunoni na miguuni, huku kikiacha hewa ipite juu ili moshi wa magari usitulie chini ya paa.

Mvua, upepo na udongo

Mvua ya masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na ile ya vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Upepo wa Nairobi aghalabu huvuma kutoka mashariki na kaskazini mashariki, na mvua huja imeinama pamoja nao. Turejelee paa letu la mita 2.5 kwa mita 1.5. Mvua ikiinama kwa nyuzi 30 tu, maji hupenya chini ya paa hilo umbali wa karibu mita 1.4. Sehemu kavu inayobaki ni ya sentimita chache, nayo haitoshi hata kwa viatu. Ndiyo maana mvua inyeshapo watu hukiacha kibanda na kukimbilia chini ya vivuko vya juu, kwenye vituo vya mafuta na kwenye baraza za maduka. Paa likiteremshwa kidogo, likapanuliwa hadi mita 2.5 na kuongezewa upenu, watu wataweza kubaki ndani.

Isitoshe, mvua ya Eastlands ina mshirika wake ambaye ni udongo. Sehemu kubwa ya upande huu wa jiji imekalia udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, tofauti na udongo mwekundu wa mitaa ya magharibi. Sakafu iliyomwagwa juu ya udongo huo bila kuuondoa na kujaza kokoto haichukui muda kupasuka na kuzama. Kisha huwa kidimbwi. Sakafu ya kituo yapaswa kuinuliwa juu ya usawa wa barabara na kuinamishwa kuelekea mtaroni, pamoja na njia ya mteremko kwa kiti cha magurudumu.

Maji ya paa nayo ni mengi kuliko tunavyodhani. Paa la mita 6 kwa mita 2.5 lina eneo la mita mraba 15. Mvua ya milimita 40 itamimina juu yake lita 600. Maji hayo yakimwagwa ovyo yatamlowesha abiria anapopanda gari. Yakielekezwa kwenye shimo la mti yatakuza kivuli cha kesho. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024, yaliyoua watu zaidi ya 200 nchini na kuwafagia wengi kando ya mto Mathare, yalitukumbusha kwamba maji yasiyopangiwa njia hujitafutia njia. Kibanda kimoja hakitazuia mafuriko, lakini vibanda mia vinavyomwaga maji barabarani huyachangia.

Majirani zetu wa Dar es Salaam wametangulia na wametupa mafunzo mawili. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza huduma Mei 2016 katika awamu ya kwanza ya kilomita 21 hivi, vituo vyake vilijengwa vikiwa na paa pana na jukwaa lililo sawa na sakafu ya basi, hata mzee hupanda bila kuinua goti. Hilo ni la kuigwa. Upande wa pili, karakana ya mabasi hayo ilijengwa Jangwani katika bonde la mto Msimbazi, nayo imefurika mara kadhaa. Hilo ni la kuepukwa. Usanifu mzuri hauponyi kosa la kuchagua mahali.

Nishati: taa ndogo, mti mkubwa

Dubai ina vituo vya basi vyenye viyoyozi. Huko joto ni la kuua, na fedha zipo. Nairobi haina haja navyo, kwa kuwa hewa yake ni ya wastani. Linalomchosha abiria ni mnururisho wa jua kutoka juu na kutoka kwenye bati lenyewe. Bati tupu likipigwa na jua huwa kama kikaango kilichogeuzwa, likateremsha joto vichwani mwa waliojificha chini yake. Dawa yake ni rahisi: paa la tabaka mbili lenye nafasi ya hewa katikati, rangi nyeupe upande wa juu, au mti wenye matawi mapana. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachohitaji umeme.

Umeme unahitajika kwa mwangaza tu. Hapa Nairobi jua hutua karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, wakati wafanyakazi ndio kwanza wanarejea. Taa ya wati 10 ikiwaka saa 12 hutumia wati-saa 120. Paneli ya sola ya wati 50, hata katika siku ya Julai yenye saa 4 tu za jua la kutosha, itatoa takriban wati-saa 200, ziada inayofidia kinachopotea katika betri. Kwa kipimo hicho, mwanafunzi wa kike anayeshuka Kayole usiku atauona uso wa aliye karibu naye. Kwa sababu hiyo hiyo, kuta zisizibwe kutoka chini hadi juu. Tofali za matundu huvunja upepo na jua, ilhali hazimfichi mhalifu.

Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni fedha. Litatolewa na watu wale wale wanaojenga barabara za mabilioni. Hatudai marumaru. Mawe ya kuchonga hupatikana Njiru na Ndarugo, na mafundi wa chuma wamejaa Kamukunji, mlangoni mwa Eastlands. Mafundi hao wenyewe wametupa jina la sekta nzima, jua kali, kwa sababu walifanya kazi bila paa. Rais Moi alipowazuru mwaka 1985, serikali iliahidi na ikawajengea mabanda. Iwapo kivuli kilikubaliwa kuwa haki ya fundi, kwa nini kiwe anasa kwa abiria anayekwenda kumfanyia kazi tajiri wake?

Pingamizi la pili ni wizi. Ni kweli kwamba vyuma vya umma huibwa. Januari 2022 serikali ilifikia hatua ya kusimamisha biashara ya vyuma kuukuu kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu. Lakini hiyo ni hoja ya kujenga kwa mawe na zege, na wala si hoja ya kutojenga.

Pingamizi la tatu ni kwamba wachuuzi watavamia vibanda. Naam, watakuja, kwa sababu penye watu ndipo penye riziki. Mama mboga na muuza mahindi ni walinzi wasiolipwa mshahara. Kituo chenye mchuuzi hakina upweke unaotisha. Ni bora mchoraji awatengee meza pembeni, chini ya paa hilo hilo, kuliko askari wa jiji kuwafukuza asubuhi nao wakarudi adhuhuri.

Kuna desturi nyingine ya kutahadhari nayo, ya kuwaachia wenye mabango ya biashara kazi ya kujenga vibanda. Bango huelekezwa kwa dereva anayepita; kivuli huelekea kokote kitakakoelekea. Ikiwa fedha za matangazo zinahitajika, basi bango lifuate kibanda, kibanda kisifuate bango.

Nafasi ya Kiswahili

Tulirejee sasa swali la msomaji. Katiba ya mwaka 2010 imeipa kaunti jukumu la usafiri wa umma na taa za barabarani, ingawa barabara kuu zenyewe ziko mikononi mwa mamlaka za kitaifa. Ibara ya 10 inataja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Ibara ya 54 inawapa watu wenye ulemavu haki ya kufikia mahali pote na vyombo vya usafiri. Ibara ya 7 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Ibara hizi tatu zikisomwa pamoja, zinadai kwamba mkazi wa Dandora aelezwe kuhusu kituo chake kwa lugha anayoimudu, na aulizwe maoni yake kwa lugha hiyo.

Wakala wa usafiri wa eneo kuu la Nairobi, NaMATA, uliundwa mwaka 2017. Njia tano za mabasi ya kasi zilizopangwa zilipewa majina ya wanyama: Ndovu, Simba, Chui, Kifaru na Nyati. Ni jambo la kupongezwa, lakini jina la Kiswahili juu ya mchoro wa Kiingereza ni kofia tu. Mama anayempeleka mtoto Hospitali ya Mama Lucy Kibaki anajua jua humpiga kutoka wapi na maji hutuama wapi. Maarifa hayo hayataingia katika zabuni iwapo hakuna anayeyauliza na kuyaandika.

Wala tusidai kwamba lugha yetu haina msamiati. Waswahili wa Lamu na Mombasa wamekuwa wakijenga kwa ajili ya mgeni asiyejulikana kwa karne nyingi. Wana baraza, benchi la mawe lililojengwa ukutani upande wa njia ili mpita njia apumzike. Wana daka, ukumbi mdogo wa mlangoni wenye viti na kivuli. Wana upenu. Hatusemi nyumba ya pwani ihamishiwe Umoja, kwa kuwa baridi ya Julai itaikataa. Tunasema kwamba wazo lenyewe, la mwenye nyumba kumjengea kiti mtu asiyemjua, limo katika lugha hii. Penye miti hapana wajenzi. Penye istilahi hapana wasanifu.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba paa pekee si kinga, kwamba pande mbili za barabara moja zaweza kudai vibanda viwili tofauti, na kwamba kivuli, ukavu na mwangaza vyapatikana kwa mawe, miti na taa ndogo ya jua. Watu wa Eastlands wamehimizwa subira kwa muda mrefu. Subira huvuta heri, lakini haimkaushi mtu nguo.

Napendekeza basi kwamba chama chetu kichukue hatua moja inayowezekana. Wanachama wagawane vituo kumi, vitano katika Barabara ya Jogoo na vitano katika Outer Ring. Waviendee mara mbili: wakati wa masika na wakati wa baridi ya Julai. Wapime kivuli kinaangukia wapi saa mbili asubuhi na saa kumi na nusu alasiri, maji yanasimama wapi, na wazee wanakalia nini. Wawahoji abiria, makanga na wachuuzi kwa Kiswahili, kisha waandike ombi rasmi kwa Bunge la Kaunti, kama Ibara ya 37 inavyoturuhusu, wakiwashirikisha wenzetu wa kitivo cha usanifu majengo. Shime, wanakiswahili! Tumezichambua sana tamathali za usemi za mvua. Sasa tukawasaidie wanaonyeshewa.